Mjadala wa Mwaka Jana: Ufunguliwe Lini, Uachwe Lini?



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wake wa nyumbani, Maswahaba wake na wote waliowafuata kwa wema.

Ndugu zangu katika imani, muhula uliopita lilitokea jambo katika kundi letu la Telegram ambalo wengi mnalikumbuka. Ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza, aliyeingia kundini wiki hiyo hiyo, alipanda juu kusoma ujumbe wa zamani. Akakuta swali lililoulizwa Ramadhani ya mwaka uliotangulia: michango ya futari hailingani na matumizi, je, salio liko wapi? Akalijibu pale pale: mbona mweka hazina yuko kimya mpaka leo, hajui kwamba hii ni amana?

Wachache sana walitazama tarehe. Waliobaki waliona swali limepanda juu ya kundi, wakadhani ni la jana. Kabla ya Magharibi maneno yalikuwa yamejaa, na jina la mtu limeshatajwa pamoja na neno wizi.

Ukweli ni kwamba jambo lile lilikwisha wiki ile ile lilipoulizwa. Risiti zilipatikana, hesabu ikasomwa msikitini baada ya Isha, na aliyeuliza akaomba radhi mbele ya watu. Yeye ameshahitimu na hayuko tena kundini. Mweka hazina alikuwa mwaka wa mwisho, yuko katikati ya mitihani, akaamka na kukuta anahukumiwa upya kwa kesi aliyokwisha kusafishwa. Alitoka kundini, na kwa wiki mbili hatukumwona msikitini.

Yule ndugu mdogo hakuwa na nia mbaya. Alichosema kuhusu amana ni kweli. Kosa lake ni kwamba aliujibu mjadala uliokwisha bila kuuliza kama umekwisha. Darsa letu la leo ni juu ya adabu hiyo.

Kwa nini mjadala wa zamani una hatari

Kwanza, wenyewe wameondoka. Chuoni watu hubadilika kila mwaka. Aliyeuliza swali miaka miwili nyuma ameshapata jibu au ameshalisahau, na jibu lako halimfikii. Linawafikia wengine ambao hawajui swali lilianzaje.

Pili, hali imebadilika. Tangazo la mwandamo wa mwezi la mwaka jana, ratiba ya darsa ya muhula uliopita, au habari ya msikiti kufungwa, vyote vilikuwa kweli siku yake. Ukivirudisha leo bila kutaja siku yake, umesema kweli ukapotosha. Allah (s.w.) katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuichunguze habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na katika kuichunguza habari ni kutazama imetoka lini.

Tatu, ya leo yanafunikwa. Kundi linapozama katika ugomvi wa zamani, mwenye shida ya leo, aliyekosa ada au aliye mgonjwa hosteli, ujumbe wake unapita bila kusomwa.

Nne, majeraha. Watu wakishapatana, maneno waliyoambiana hayafutiki. Yamelala tu. Anayeyasoma kwa mara ya kwanza hana uchungu nayo, ila aliyeyaambiwa anao.

Kisa cha Aus na Khazraj

Ibn Is'haq, katika sira yake, ametaja kisa kinachofaa kukumbukwa hapa. Makabila mawili ya Madina, Aus na Khazraj, yalipigana muda mrefu kabla ya Uislamu. Vita vyao vya mwisho vikubwa, vya Bu'ath, vilikuwa miaka michache tu kabla ya Hijra. Kisha Allah akawaunganisha kwa Uislamu, wakawa Ansari.

Mzee mmoja wa Madina, Shas bin Qays, aliwapita wamekaa pamoja wanazungumza kwa mapenzi, akachukia. Akamtuma kijana akae nao, awakumbushe siku ya Bu'ath na awasomee mashairi ambayo kila upande uliyasema siku zile. Kijana hakuzua uongo wowote. Alirudia maneno yaliyokwisha kusemwa na wenyewe. Yakatosha. Watu wakaanza kujisifu, wakabishana, wakaitana kwenye silaha, wakatoka kwenda uwanjani.

Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwaendea pamoja na Muhajirina, akawakemea kwa kuurudia wito wa kijahilia ilhali yeye yuko kati yao. Wakatambua kwamba wamechezewa, wakalia, wakakumbatiana. Wanachuoni wa tafsiri wamekitaja kisa hiki katika maelezo ya aya za Surat Al Imran zinazoishia kwenye amri ya kushikamana na kamba ya Allah.

Tazameni, ndugu zangu. Silaha ya Shas ilikuwa mazungumzo ya zamani, yakarudishwa kwa watu waliokwisha kusameheana. Siku hizi hahitajiki hata kijana wa kutumwa. Kidole kimoja kwenye simu kinatosha.

Je, basi la zamani haliguswi kabisa?

Hapana, na hapa panataka uangalifu. Elimu yetu yote imesimama juu ya kurejea yaliyosemwa na waliotangulia. Suala ni jinsi ya kurejea.

Sayyidna Umar (r.a.) aliletewa kesi ya mirathi. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mama, ndugu zaidi ya mmoja wa upande wa mama, na ndugu wa baba na mama. Mume ana nusu, mama ana sudusi, ndugu wa mama wana thuluthi. Hapo mali imekwisha. Ndugu wa baba na mama, ambao huchukua kinachobaki, hawakupata kitu, na Umar akahukumu hivyo.

Baadaye ikamjia kesi kama hiyo. Mara hii ndugu wa baba na mama wakalalamika: hata baba yetu akihesabiwa kuwa ni punda, si sote tumezaliwa na mama mmoja? Umar akaona hoja yao ina nguvu, akawashirikisha wote katika ile thuluthi. Akaambiwa kwamba kesi iliyotangulia aliihukumu vingine. Akajibu kwa maana kwamba ile ni kama tulivyohukumu wakati ule, na hii ni kama tunavyohukumu sasa.

Hakuwarudisha wa kesi ya kwanza kuwanyang'anya walichopewa, wala hakuiacha kesi ya kwanza imfunge asione haki katika ya pili. Kutokana na mifano kama huu mafakihi wakaweka kanuni kwamba ijtihadi haivunjwi na ijtihadi nyingine. Na ni Umar huyo huyo aliyemwandikia Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurejea kwenye haki leo akiiona.

Kwa hiyo, ugomvi uliokwisha haufunguliwi, lakini mlango wa haki haufungwi. Ukiwa na jipya, lilete kama jipya.

Mfano mwingine tunao katika madhehebu ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumesomeshwa. Imam Shafi (r.a.) alikuwa na kauli zake za Iraq, ziitwazo kauli ya zamani. Kisha akahamia Misri, ambako alifariki mwaka 204 Hijria, na huko akayapitia upya masuala mengi. Hizo zikaitwa kauli mpya. Mtu akichukua leo kauli ya Baghdad akamhoji nayo Imam Shafi, anamhoji juu ya jambo aliloliacha mwenyewe.

Hata hivyo, katika masuala machache wanachuoni wa madhehebu waliirudia kauli ya zamani. Moja ni wakati wa Magharibi. Kauli mpya iliufanya kuwa mfupi. Ya zamani iliurefusha mpaka kupotea kwa wekundu wa mbinguni. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, aliipa nguvu ile ya zamani kwa sababu hadithi sahihi zinaiunga mkono. Zaidi ya miaka mia nne ilikuwa imepita, na mjadala ukarejewa. Ulirejewa kwa dalili, na kwa kutaja wazi ipi ni ya zamani na ipi ni mpya.

Maswali manne kabla hujajibu

1. Limesemwa lini? Tazama tarehe kabla ya kutazama maneno.
2. Lilikwisha vipi? Muulize Amir, Amira au mkubwa aliyekuwepo. Muulize faragha.
3. Aliyesema yupo? Kama hayupo, jibu lako ni la nani?
4. Nina jipya gani? Kama una dalili au habari mpya, anza mazungumzo mapya. Sema: suala hili lilizungumzwa mwaka fulani, likaishia hapa, nami nina nyongeza hii. Kama huna jipya ila hasira, basi nyamaza. Kunyamaza huko nako ni ibada ukikusudia radhi za Allah.

Na sisi wakubwa tuna lawama yetu. Mjadala ule wa futari ulimalizwa msikitini kwa mdomo, wala hakuna aliyeandika kundini kwamba umekwisha na umekwisha vipi. Swali likabaki limening'inia, likamsubiri mgeni. Anayemaliza jambo na aandike mwisho wake pale pale lilipoanzia.

Yule ndugu mdogo, alipoelezwa, alikwenda mwenyewe chumbani kwa mweka hazina kuomba radhi, wakanywa chai pamoja. Mweka hazina hakurudi kundini, ila msikitini alirudi, Alhamdulillah. Siku ya kwanza alisimama safu moja na yule aliyemwandikia.

Allah atupe ndimi zenye kusuluhisha na macho yenye kuchunguza, na atusamehe tuliyoyafukua na tuliyoyaacha wazi. Amin.

Ya kujadili katika usra

1. Ni kwa nini Umar (r.a.) hakuitengua hukumu yake ya kwanza?
2. Kijana aliyetumwa na Shas hakusema uongo. Kosa lake lilikuwa nini?
3. Katika kundi letu, ni suala gani lilikwisha ambalo mwisho wake haujaandikwa? Nani ataliandika wiki hii?

Wallahu a'lam.