JANI LA CHAI HALINGOJI
Kwa nini idara za Serikali hazina budi kufanya kazi pamoja

Watu wengi hudhani kwamba kiwanda huanza siku mashine zinapowashwa. Sivyo. Kiwanda cha chai huanza shambani, na uhai wake hutegemea idara nyingi za Serikali.

Yafaa kwanza kufahamu tabia ya chai. Mchumaji huchuma majani mawili machanga pamoja na chipukizi lake. Tangu saa ile jani huanza kuharibika, na likishindiliwa katika gunia hupata joto na kuoza. Hapana budi lifike kiwandani siku ile ile. Tena kilo moja ya chai kavu huhitaji kilo nne au tano za majani mabichi. Ndiyo maana kiwanda hujengwa karibu na mashamba.

Sasa na tuangalie jinsi kazi ilivyogawanyika. Miche na mabwana shamba ni kazi ya Kilimo. Barabara na madaraja ni kazi ya wengine. Fedha zashikwa na Hazina. Je, itakuwaje kila mmoja akifuata kalenda yake? Mche wa chai hukaa yapata miaka mitatu kabla ya kuanza kuchumwa. Barabara ikikawia hata mwaka wa sita, mkulima atachuma majani ya kutupa. Kiwanda nacho kikitangulia mashamba, mashine zitakaa bure na deni litazidi kukua.

Historia ya Kenya yaonyesha njia iliyo bora. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika wengi zaidi mlango wa kupanda mazao ya biashara, na mwaka 1957 kiwanda cha chai cha wakulima wadogo kilianza kazi Ragati, katika Wilaya ya Nyeri. Mwaka 1960 kiliundwa chombo kimoja cha kusimamia mazao ya namna hiyo, na mwaka 1964 kazi ya chai ikakabidhiwa Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai, yaani K.T.D.A.

Mamlaka hiyo haikuziondoa idara. Mabwana shamba waliazimwa kutoka Wizara ya Kilimo, na barabara za chai zilitengenezwa na Serikali kwa msaada wa mikopo ya Benki ya Dunia. Lililobadilika ni kwamba miche, barabara, malori na viwanda viliwekwa katika mpango mmoja. Wakulima nao walikuwa na wajumbe wao katika kamati. Mwaka 2000 Mamlaka iligeuzwa kuwa kampuni, nao wakulima wakawa wenye hisa katika viwanda vyao.

Somo hili halihusu chai peke yake. Maziwa, samaki na miwa pia haviwezi kungojea barua zizunguke kutoka ofisi hata ofisi. Idara inayofanya kazi yake vizuri, lakini kwa wakati usiopatana na wenzake, humtia hasara mkulima ambaye hakukosa neno. Wahenga walisema: Kidole kimoja hakivunji chawa.