Elimu ya Muziki na Makuzi ya Mtoto katika Bonde la Kilombero

1.0 Utangulizi
Elimu ya muziki kwa watoto hutetewa kwa hoja kuu mbili. Hoja ya kwanza hudai kwamba muziki hunoa akili. Ya pili hudai kwamba humfunza mtoto kuishi na wenzake. Makala hii inazipima hoja hizo kwa kurejelea Ifakara na bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, na kuonyesha kwamba hoja ya pili ndiyo yenye mashiko zaidi kwa shule za huko.

2.0 Hoja ya Akili
Mwaka 1993 Rauscher, Shaw na Ky walieleza kwamba watu waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika 10 walifanya vizuri zaidi katika jaribio la maumbo. Wengi walihitimisha kuwa muziki humwongezea mtoto akili. Hitimisho hilo halikuwa na msingi, kwani waliopimwa walikuwa wanachuo, na athari yenyewe ilidumu dakika chache tu. Utafiti wa Schellenberg wa mwaka 2004, uliohusu watoto 144 wa miaka 6 huko Toronto, una uzito zaidi. Waliofunzwa kinanda au uimbaji kwa mwaka mmoja waliongeza wastani wa alama 7 katika kipimo cha akili. Wasiofunzwa muziki waliongeza alama 4.3. Tofauti ipo, lakini ni ndogo mno kuwa msingi wa kulitetea somo zima.

3.0 Hoja ya Ushirikiano
Mwaka 2010 Kirschner na Tomasello waliwalinganisha watoto 96 wa miaka 4 nchini Ujerumani. Wawili wawili, baadhi walicheza mchezo wenye kuimba na kupiga ala pamoja. Wengine walicheza mchezo uleule bila muziki. Walioshiriki muziki walisaidiana zaidi baadaye. Ikumbukwe kwamba kilichopimwa ni tendo la muda mfupi, si tabia ya kudumu. Hata hivyo, matokeo hayo yanaelekeza kwenye kiini cha jambo: faida hutokana na kutenda pamoja, wala si kusikiliza.

4.0 Hali ya Kilombero
Bonde hili ni makazi ya Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga, ambao wengi wao ni wakulima wa mpunga. Katika miongo ya karibuni wamehamia pia wafugaji, wakiwamo Wasukuma. Ardhi, maji na malisho vimezua migogoro, na mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Watoto wa mkulima na wa mfugaji wanapokaa dawati moja, hubeba darasani yale waliyoyasikia nyumbani.

Pande zote mbili zina hazina ya kufundishia. Wapogoro wana sangula. Wasukuma wana jadi ya mashindano ya ngoma baina ya Wagika na Wagalu. Nyimbo nyingi za aina hii hujengwa juu ya kiongozi na waitikiaji. Mwalimu anaweza kumpa mtoto wa upande mmoja nafasi ya kuongoza, wa upande wa pili aitikie, kisha wabadilishane. Hapo kila mmoja hulazimika kumsikiliza mwenzake, la sivyo wimbo huvunjika.

Muundo huo una faida nyingine. Wakati wa kilimo familia nyingi huhamia mashamba ya mbali, na watoto husaidia kuamia ndege. Mtoto aliyerudi kutoka dunguni baada ya majuma kadhaa huwa ameachwa nyuma katika hisabati. Katika kiitikio hupata nafasi yake siku hiyohiyo.

5.0 Hitimisho
Mtaala wa elimu ya msingi wa mwaka 2023 umeweka somo la Sanaa na Michezo. Somo hilo likigeuzwa kuwa maandalizi ya watoto wachache hodari wa kutumbuiza wageni siku ya mahafali, faida iliyojadiliwa hapa itapotea, kwa kuwa walio wengi watabaki watazamaji. Kipimo chake kiwe idadi ya watoto wanaoimba, si uzuri wa onyesho.