Mwizi Anaweza Kukisia PIN Yako? Tupige Hesabu



Mwaka jana baada ya mavuno, shangazi yangu wa Kiminini aliuza mahindi yake mjini Kitale, pesa zikaingia kwa simu. Akapanda matatu kwenda Bungoma kulipa karo. Kabla hawajafika Webuye, simu ilikuwa imeshachomolewa mkobani. Hakushtuka sana. "Hawana PIN yangu," alisema. Jioni laini iliporudishwa, salio lilikuwa shilingi 62.

Shida ni kwamba kitambulisho chake kilikuwa ndani ya kava ya simu, na PIN yake ilikuwa mwaka wake wa kuzaliwa.

Wengi wetu tunasema "mwizi alibahatika tu." Lakini hata bahati ina hesabu yake. Inaitwa uwezekano. Tulifunzwa kidato cha tatu, tukafanya mtihani, tukaiacha hapo hapo darasani. Leo tuirudie polepole. Chukua kalamu.

Hatua ya 1: Uwezekano wa kawaida

Hesabu njia zinazokupa unachotaka, kisha ugawanye kwa njia zote zilizopo. PIN ina tarakimu nne, na kila moja inaweza kuwa 0 hadi 9. Kwa hivyo PIN zote ni 10 × 10 × 10 × 10 = 10,000. Mtu asiyejua lolote kukuhusu, akikisia mara moja, ana nafasi 1 kati ya 10,000.

Hatua ya 2: Matukio yanayofuatana

Tuseme ana majaribio matatu kabla huduma haijafungwa. Hatarudia PIN iliyokataa, si ndiyo? Kwa hivyo kila akikosa, PIN zilizobaki zinapungua moja. Uwezekano wa kukosa mara zote tatu ni:

9,999/10,000 × 9,998/9,999 × 9,997/9,998

Kata namba zinazofanana juu na chini, unabaki na 9,997/10,000. Basi uwezekano wa kupata ni 3/10,000, yaani 0.03%. Hapo umelala salama.

Ona kwamba jaribio la pili linategemea kilichotokea kwa la kwanza. Haya huitwa matukio tegemezi.

Hatua ya 3: Uwezekano wenye sharti

Sasa mpe mwizi kitambulisho chako. Atajaribu nini? Mwaka wa kuzaliwa. Siku na mwezi. Mwezi na siku. Tarakimu nne za mwanzo za nambari ya kitambulisho. Au nne za mwisho. Hizo ni tano tu. Tuseme PIN yako ni mojawapo, na kwake zote tano zina uzito sawa. Kukosa mara tatu ni:

4/5 × 3/4 × 2/3 = 2/5

Kwa hivyo kupata ni 3/5, yaani 60%.

Simu ni ile ile, majaribio ni yale yale matatu. Kilichobadilika ni anachojua mwizi. Kutoka 0.03% hadi 60%, hatari imepanda mara 2,000! Hiyo ndiyo maana ya sharti: uwezekano wa jambo *ukishajua* jambo lingine.

Hatua ya 4: Angalau moja

Vijana wa boda wa Kitale wana mechi Jumapili. Wachezaji 11 wameweka simu zote kwenye begi moja kando ya uwanja, na begi linaibwa. Tuseme kila mmoja anatumia mwaka wa kuzaliwa, na mwizi anajua wote wamezaliwa kati ya 1986 na 2005. Hiyo ni miaka 20. Kwa kila simu, kupata ni 3/20 na kukosa ni 17/20.

Kufunguka kwa simu moja hakubadilishi nyingine, kwa hivyo haya ni matukio huru. Unazidisha tu. Kukosa simu zote 11 ni 0.85 ikizidishwa yenyewe mara 11, karibu 0.17. Basi uwezekano wa *angalau moja* kufunguka ni 1 − 0.17 = 0.83. Yaani 83%! Kila mchezaji peke yake aliona hatari ya 15% tu.

Zoezi lako

1. Kioo cha simu kina alama za vidole kwenye tarakimu nne tofauti. Mwizi anazijua, ila hajui mpangilio. Ana nafasi gani kwa majaribio matatu?

2. Je, kama alama ni tatu tu, kwa sababu tarakimu moja umeirudia?

*Majibu:* (1) Mipangilio ni 4 × 3 × 2 × 1 = 24, kwa hivyo 3/24, yaani 1/8. (2) Iliyorudiwa inaweza kuwa yoyote kati ya tatu, na kila moja ina mipangilio 12. Jumla ni 36, kwa hivyo 3/36, yaani 1/12. Ulidhani kurudia kunamrahisishia mwizi? Kumbe hapa kunamtatiza!

Cha kufanya leo

Toa kitambulisho kwenye kava ya simu. Kama PIN yako ni mwaka, tarehe au kipande cha nambari ya kitambulisho, ibadilishe kabla hujalala. Pangusa kioo. Na simu ikipotea, usijipe moyo kwamba "hawana PIN." Piga ripoti mara moja, laini ifungwe.

Shangazi ana PIN mpya sasa. Sijui ni gani, na hata akitaka kuniambia, nitaziba masikio.