KUZIPA MAJINA HESABU ZA SAMAKI KATIKA LUGHA YA R

Wengi wetu hapa shuleni tumezaliwa karibu na Ziwa, nasi twajua kwamba mnunuzi hafiki Mwaloni Kirumba akauliza bei ya "samaki wa pili". Huuliza sato, sangara au dagaa. Mambo ni yayo hayo katika R, lugha ya kompyuta iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko Auckland, New Zealand, katika miaka ya 1990, ambayo hutumiwa sana na wataalamu wa takwimu.

Tuseme tumepima kilo 12 za sato, 30 za sangara na 45 za dagaa. Twaandika orodha:

samaki <- list(12, 30, 45)

Orodha hii haina majina. Ukitaka sangara, yakubidi ukumbuke kuwa ni wa pili, uandike samaki[[2]]. Basi tuipe majina:

names(samaki) <- c("sato", "sangara", "dagaa")

Sasa ukiandika samaki$sangara, utajibiwa 30.

Faida yake yaonekana orodha inapobadilika. Sangara waliletwa ziwani katika miaka ya 1950, wakawala furu wengi mno. Mtu akitaka kuhesabu furu pia, aweza kuwaweka mwanzo:

samaki <- c(list(furu = 8), samaki)

Hapo samaki[[2]] imekuwa sato, kilo 12. Aliyezoea namba ataandika 12 kwa sangara bila kujua. Lakini samaki$sangara ingali 30.

Yafaa kuangalia mambo matatu. Kwanza, majina yakizidi vitu, R hukataa. Yakipungua, hunyamaza, na kitu kilichokosa jina hupewa NA. Pili, usifupishe majina. samaki$d huleta dagaa, lakini samaki$sa huleta NULL, yaani hakuna kitu, kwa kuwa sato na sangara wote huanza na "sa". Tatu, ukipanga majina kwa mfuatano usio sawa, R haikuonyi hata kidogo.

Hilo la tatu ndilo kubwa. Kompyuta haijapata kuona samaki, huamini tunaloiambia. Hesabu hizo zikifika kwa wanaoamua kama uvuvi wa sangara upunguzwe, jina lililokosewa laweza kumnyima mvuvi riziki yake. Kwa hiyo mimi hupenda kuandika jina na hesabu pamoja:

samaki <- list(sato = 12, sangara = 30, dagaa = 45)

Jina likikaa kando ya hesabu yake, jicho huona upesi kosa lilipo.