NUNDA NI NANI? Kusoma Maajabu katika Hadithi za Watoto

Nia ya makala haya ni kujadili jambo lililotugawanya chamani muhula uliopita, hata kengele ya kwenda nyumbani ikalia tungali twabishana. Msomaji akikutana na paka anayekula watu, au ndugu wanaogeuzwa manyani, ayachukulie vipi? Aseme ni uongo mtupu apite zake? Ama atafute maana iliyofichwa ndani? Swali hili laweza kukukuta kwenye karatasi ya tatu, lakini mimi naliuliza hata kama mtihani haupo.

Nitatumia hadithi moja hasa, ile ya Sultani Majinuni na nunda. Ni hadithi ya zamani ya Unguja. Mmisionari Edward Steere aliiandika kutoka vinywani mwa wenyeji, akaitia katika kitabu chake cha ngano za Waswahili kilichochapishwa London mwaka 1870. Mwaka 1901 Andrew Lang naye akaiweka katika mkusanyo wake wa hadithi za watoto wa Kiingereza, ikasomwa na watoto ambao hawajawahi kuiona bahari ya Hindi.

Kwa ufupi ni hivi. Sultani ana paka wake. Paka akaanza kukamata mifugo. Watu wakaenda kumshtaki, Sultani akawajibu kwamba paka ni wake na mnyama aliyeliwa ni wake pia, basi kesi ikafa hapo. Paka akaendelea, kila siku mnyama mkubwa zaidi, hata akafika kwa binadamu. Jibu likawa lile lile. Mwishowe akahama mjini akaingia porini, akawa anakula kila apitaye. Siku alipowala wana watatu wa Sultani mwenyewe, ndipo baba akafumbua macho akasema huyu si paka tena, huyu ni nunda. Hapo mwana wa mwisho, yule aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, akashika njia kwenda kumwinda. Kila akiua mnyama humletea mama yake akiimba kwa furaha, na mama humwambia, mwanangu, siye huyo. Alileta mbwa, akaleta ngawa, punda milia, twiga, na wengine, na bado siye.

Wako wasomaji waliouliza swali moja tu: je, nunda yupo kweli? Miaka ya 1930 Mwingereza mmoja aitwaye William Hichens, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni Tanganyika, aliandika kuhusu nunda, ambaye pia huitwa mngwa, kana kwamba ni mnyama halisi wa pwani ambaye wataalamu hawajampata. Msicheke. Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume chake. Mwaka 1898 simba wawili wa Tsavo waliwaua wajenzi wa reli hata kazi ya daraja ikasimama. Simba walikuwa simba kweli, wakauawa Desemba mwaka ule, na hadi leo wamo katika jumba la makumbusho huko Chicago. Lakini Patterson, aliyewapiga risasi, aliandika katika kitabu chake cha 1907 kwamba wafanyakazi waliamini si wanyama bali ni mashetani waliovaa umbo la simba. Kule mnyama wa hadithini alitafutwa msituni, na huku mnyama wa msituni akatiwa hadithini. Pande zote mbili watu walikuwa na hofu, na hofu hupenda kupewa jina.

Swali la kama yupo au hayupo mimi naliona dogo. Wazee wetu walilimaliza zamani kwa fomyula ya kufungulia. Mtambaji akisema "Paukwa!" nawe ukajibu "Pakawa!", umekwisha kubali kuingia. Hakuna anayemkatiza nyanya katikati ya hadithi ati alete ushahidi. Shida ya kitabu ni kwamba mara nyingi hakituiti hivyo. Tunakifungua kimya kimya, kalamu mkononi, na tunaanza kukisaka makosa.

Kundi la pili chamani, nalo lilikuwa kubwa, lilisema kila ajabu ni istiara. Nunda ni ufisadi, wakasema, na kesi imekwisha. Ni jibu zuri, lakini limekuja upesi mno. Ukishasema "nunda ni ufisadi", yule mama, ile nyimbo, wale wanyama wote waliouawa kimakosa, wanabaki bila kazi yoyote. Umechukua ufunguo mmoja, umefungua mlango mmoja, kisha umeondoka na nyumba hujaiona.

Kule Marekani kuna kisa kinachofaa kutuonya. Mwaka 1900 L. Frank Baum alitoa kitabu cha watoto kuhusu msichana aliyebebwa na kimbunga hadi nchi ya Oz, na katika dibaji alisema nia yake ni kuwafurahisha watoto tu. Mwaka 1964 mwalimu mmoja wa shule ya sekondari, Henry Littlefield, aliandika makala akieleza kwamba kitabu hicho chaweza kusomwa kama istiara ya siasa za wakati ule: barabara ya manjano ni dhahabu, viatu vya fedha ni sarafu ya fedha, mtu wa majani ni mkulima, mtu wa bati ni mfanyakazi wa kiwandani. Ilikuwa njia yake ya kuwafundishia wanafunzi historia, na kama njia ya kufundishia naiona nzuri sana. Lakini watu waliomfuata wakaanza kusema kwamba Baum mwenyewe alikusudia hayo, na mwaka 1992 Littlefield akaandika kwamba hana msingi wa kudai hivyo. Yaani msaada wa darasani uligeuzwa siri ya mwandishi. Nasi tukumbuke hilo tunapoandika "mwandishi anamaanisha..."

Ni kweli wapo waandishi wanaotupa ufunguo wenyewe. Shaaban Robert (1909-1962) ni mmoja wao. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka 1952, ndugu wawili wenye husuda wanaitwa Hasidi na Mwivu. Nani atakosa? Kisa chenyewe kinafanana na kimoja cha Alfu Lela Ulela, ila kule ndugu waligeuzwa mbwa, naye akawafanya manyani. Jini amemwamuru Adili awachape kila usiku, na Adili huwachapa huku analia, kisha huwalisha. Majina yanatueleza kwa nini wanaadhibiwa, ila machozi hayana jina. Mwenzangu wa dawati moja asema Adili ni mkatili. Mimi nasema amefungwa pamoja nao, mshika kiboko na mchapwa kifungo kimoja. Na sisi tunaofukuza nyani mahindini tunajua nyani anavyokutazama usoni kama mtu. Sidhani msomaji wa mjini ambaye hajalinda shamba analipata jambo hili sawasawa na sisi.

Hapo ndipo nafika Sagalla. Mahali unaposimama huamua lipi ni ajabu. Mwambie mtu wa mbali kwamba ndovu, mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, hukimbia nyuki, atadhani unamtambia khurafa. Hapa kwetu tangu mwaka 2009 watafiti na wakulima wamekuwa wakitundika mizinga kwenye nyaya kuzunguka mashamba, ndovu akigusa waya nyuki hutoka, naye huondoka. Kwetu hilo ni ukulima tu.

Basi si ajabu kwamba wenzetu wanaotoka tambarare, kule ndovu wanakoingia kutoka mbuga ya Tsavo, waliisoma hadithi ya nunda kwa namna yao. Mmoja wao alisimama chamani akasema kwa uchungu: nunda ni ndovu. Mnyama ni wa wakubwa, mahindi yakiliwa ni hasara yako, ukishtaki unaambiwa ungoje. Darasa zima lilinyamaza. Hakuna aliyethubutu kumwambia anasoma vibaya, maana mtu ambaye familia yao imelala njaa kwa sababu ya mnyama ameielewa sehemu ya Sultani kuliko sisi sote.

Hata hivyo nataka kumjibu kwa heshima, na kwa hadithi yenyewe. Mama anampa mwanawe alama za nunda: masikio madogo, madoa kama ya ngawa, mkia mnene. Masikio madogo! Kijana akishika alama hizo, ndovu anaanguka hapo hapo. Nami naona hadithi imefanya kusudi. Kijana yule ana hasira ya haki, ndugu zake wameliwa, na kila mnyama wa porini anayekutana naye anamwona kuwa nunda. Anaua wengi, wote wasio na hatia ile. Nunda mwenyewe hakuzaliwa porini. Alizaliwa paka wa nyumbani, akakuzwa kwa kila kesi iliyokataliwa.

Mwenzangu akinijibu kwamba basi tumwangalie Sultani na si ndovu, nitakubaliana naye, na nadhani hata uchungu wake utakuwa umepata mahali pake.

Bado kuna jambo moja linalonikera, nami naliacha kwenu tulijadili mkutano ujao. Sultani alikuwa na askari na mawaziri, ila alama za nunda zinatoka kwa mama. Mama huyu hakutoka kwenda kuwinda. Alimjua vipi mnyama yule vizuri hivyo, hadi unene wa mkia wake, na kabla wana watatu hawajaliwa alikuwa amesema nini?