BAKTERIA MMOJA ASUBUHI, MILIONI MBILI MCHANA

Katika semina moja mama aliniuliza hivi: "Mwalimu, uji niliupika mwenyewe saa moja asubuhi. Saa nane nikauonja, ni mtamu kabisa. Sasa mbona mtoto alihara?" Swali zuri. Leo tulijibu kwa kuingia ndani ya bakteria mwenyewe.

Bakteria ni nani?

Ni kiumbe cha seli moja tu. Chukua mfano wa E. coli, anayeishi matumboni mwa watu na wanyama. Aina zake nyingi hazina ubaya, lakini ziko zinazoharisha, hasa watoto wadogo. Ana umbo la kijiti kifupi. Ukiwapanga 500 kwa mstari, wanafika kama milimita moja.

Ndani yake kuna nini?

Zamani ilidhaniwa ni kama mfuko tu, usio na mpango ndani. Sivyo. Mnamjua fundi wa mawe: kabla ya kujenga hufunga uzi, ukuta upate kunyooka. Bakteria naye ana nyuzi zake, za protini.

1. Uzi wa umbo. Protini iitwayo MreB hujipanga vipande vipande chini ya utando wa seli, ikiongoza mahali pa kujenga ukuta mpya. E. coli akikosa uzi huu hawezi kubaki kijiti. Huvimba na kuwa mviringo.

2. Uzi wa kugawanyika. Mwaka 1991 wataalamu Bi na Lutkenhaus, huko Marekani, walionyesha kwamba protini iitwayo FtsZ hujipanga kama pete katikati ya seli. Protini nyingine, za kundi la Min, huizuia pete isikae miishoni. Ukuta mpya hufuata pete hiyo na kujengwa kuelekea ndani. Pete inazidi kuwa ndogo, na mwishowe mmoja amekuwa wawili, kila mmoja na pete yake ya kesho.

Tupige hesabu

Hali ikimfaa kabisa, yaani joto na chakula cha kutosha, E. coli hugawanyika kila dakika 20. Mmoja akiingia saa moja asubuhi, saa mbili ni 8, saa tatu ni 64. Kufika saa nane wamepita milioni 2! Na ulimi hauwaonji. Mama yule hakupika vibaya. Kosa ni zile saa saba.

Je, dawa?

Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria. Seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana hatudhuriki vivyo hivyo. Lakini watoto wengi wanaohara hawahitaji antibiotiki. Ukinunua vidonge viwili vitatu dukani kwa kubahatisha, wale bakteria sugu hubaki, nao hugawanyika wakiurithisha usugu wao. Basi tusiwape nafasi.

Tufanye hivi:

- Tupike uji kidogo kidogo, na tusiuache zaidi ya saa mbili bila kuliwa.
- Tunawe mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kulisha, na baada ya choo.
- Tuchemshe maji ya kunywa na kuyafunika.
- Mtoto akihara, tumpe maji ya ORS, tuendelee kumnyonyesha na kumlisha. Kwenye dispensari atapewa pia zinki. Akiwa na damu kwenye choo, au akilegea, tumpeleke mara moja.
- Dawa tuliyoandikiwa tuitumie kama tulivyoagizwa.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Nyumbani kwetu, chakula cha mtoto hukaa saa ngapi kabla ya kuliwa?
2. Mama akienda shambani au kibaruani, nani hubaki kumpikia mtoto, na tumsaidieje?