Sikukuu ni Mlo Mmoja, Si Siku Nne: Somo la Lishe kwa Wenye Kisukari na Shinikizo la Damu

Sikukuu ya Pasaka huleta siku nne za mapumziko, kuanzia Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka. Ni siku za ibada, za kurejea nyumbani na za kukaa pamoja na ndugu ambao pengine hawajaonana tangu Krismasi. Kwa mkazi anayeishi na kisukari au shinikizo la juu la damu, siku hizo ni mtihani pia. Mpangilio wa chakula alioujenga kwa miezi mingi, kwa ushauri wa watoa huduma wa kituo chake, huweza kuvurugika kati ya Ijumaa na Jumatatu, wakati ambapo kliniki nyingi za kawaida hazifanyiki na huduma za dharura pekee ndizo zinazoendelea.

Somo la toleo hili linaeleza namna mgonjwa na familia yake wanavyoweza kusherehekea bila kuuvunja mpangilio huo. Mafunzo haya yanafaa pia kwa Idi, Krismasi na shughuli za harusi.

Hesabu ya milo kumi na miwili

Mtu anayekula mara tatu kwa siku hula milo kumi na miwili katika siku nne. Katika milo hiyo, ule unaostahili kuitwa mlo wa sikukuu ni mmoja, aghalabu chakula cha mchana cha Jumapili, na pengine wa pili pale anapoalikwa Jumatatu. Milo kumi iliyobaki ni ya kawaida.

Uzoefu wa nyumba nyingi unaonesha kwamba sahani ya pilau ya Jumapili siyo inayoleta madhara makubwa. Madhara huletwa na yale yanayoizunguka: maandazi ya kukaribishia wageni, soda zilizobaki kwenye kreti, kiporo cha pilau kinachogeuka kifungua kinywa cha Jumatatu, na keki inayokatwa kila anapobisha mgeni hodi. Kwa hiyo, kanuni ya kwanza ni kuuchagua mapema mlo wa sikukuu, kuula kwa furaha na kwa kiasi, kisha kuiacha milo kumi iliyobaki ifanane na ya siku nyingine zote.

Maandalizi kabla ya Ijumaa

Mgonjwa ahesabu dawa zake mapema katika wiki na kuhakikisha zinatosha hadi kliniki itakapofunguliwa. Anayesafiri abebe dawa mkononi, si katika mzigo unaowekwa kwenye buti la basi. Kusimamisha dawa kwa sababu "leo ni sikukuu" ni kosa la hatari kuliko kipande cha keki.

Wapo pia wanaofunga siku ya Ijumaa Kuu. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asifunge kabla ya kupata ushauri wa mtoa huduma, kwa kuwa dawa huendelea kufanya kazi hata pale tumbo linapokuwa tupu.

Sahani yenye sehemu tatu

Sahani ya mgonjwa hupangwa kwa macho, bila mizani. Nusu ya sahani iwe mboga na kachumbari. Robo iwe nyama isiyo na mafuta mengi, kuku aliyeondolewa ngozi, samaki au maharage. Robo iliyobaki iwe pilau, wali, ndizi, viazi au ugali. Kimoja kati ya hivyo, si vyote kwa pamoja. Pale vinapokutana pilau, chapati na viazi vya kukaanga, mgonjwa achague anachokipenda zaidi na kuviacha vingine.

Mpangilio wa kula nao una faida. Anayeanza na mboga na nyama, kisha akamalizia na wali, kwa kawaida sukari yake hupanda polepole kuliko anayeanza na wali. Matembezi mepesi ya dakika 15 hadi 30 baada ya chakula husaidia misuli kuitumia sukari hiyo.

Vinywaji vinahitaji uangalifu wa pekee. Soda ya kawaida huwa na takribani gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 350 hubeba basi gramu 35 hivi, sawa na vijiko vinane hadi tisa vya chai. Juisi ya matunda, hata ya kukamuliwa nyumbani, nayo hupandisha sukari haraka. Maji ya kunywa yawepo mezani mbele ya mgonjwa kabla kreti halijafunguliwa.

Kwa wenye shinikizo la juu la damu, adui hujificha zaidi katika chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumi isiyofikia gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na chumvi iliyomo tayari katika vyakula. Vidonge vya kuungia mchuzi vina chumvi nyingi ndani yake. Anayevitumia apunguze chumvi ya kawaida, au atumie vitunguu saumu, tangawizi, ndimu na viungo vya pilau badala yake.

Kosa la kushinda na njaa

Baadhi ya wagonjwa huruka kifungua kinywa ili "kuacha nafasi" ya chakula cha mchana. Ibada ikirefuka na chakula kikachelewa hadi saa tisa alasiri, aliyekunywa dawa asubuhi huweza kushukiwa na sukari: hutetemeka, hutokwa na jasho, moyo humwenda mbio, na huanza kuchanganyikiwa. Pombe inayonywewa bila chakula huongeza hatari hiyo, na dalili zake hudhaniwa kuwa ulevi.

Mgonjwa wa namna hiyo, iwapo bado ana fahamu na anaweza kumeza, apewe mara moja vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa katika maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Soda aliyoshauriwa kuiepuka mezani, katika dakika hiyo ndiyo dawa. Baada ya dakika 15 apimwe tena kama mashine ya kupimia sukari ipo, na arudiwe kupewa iwapo sukari bado iko chini ya milimoli 4 kwa lita au dalili hazijaondoka. Akipata nafuu, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asiwekewe kitu chochote mdomoni. Alazwe kwa ubavu na kukimbizwa katika kituo cha afya.

Wajibu wa mwenyeji

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika sikukuu, mwenyeji naye ana nafasi ya kumponya mgeni.

Chukulia mfano wa mama mwenye umri wa miaka hamsini na minane, anayeishi na kisukari, ambaye amekwenda kula Pasaka kwa kaka yake. Amekula robo sahani ya pilau na ameridhika. Wifi yake anasimama na upawa mkononi: "Wifi, mbona umekula kama ndege? Au pilau yangu haikukupendeza?" Mbele ya watu, mama huyo hana njia nyepesi. Akikataa, ataonekana amemdharau aliyekesha jikoni. Akikubali, ataulipia upendo huo kwa afya yake.

Jambo hili humalizwa vizuri zaidi kabla ya siku yenyewe. Siku mbili kabla, mama huyo ampigie simu na kusema, "Wifi, nakuja kula pilau yako, ila daktari amenipimia kiasi. Naomba uniwekee mboga nyingi." Wifi aliyeambiwa hivyo mapema huwa mlinzi wake badala ya kuwa mshawishi. Na kama hakuambiwa, jibu la heshima mezani lipo: "Ahsante wifi, nimeshiba kabisa. Nifungie kidogo nitakula kesho." Chakula kimeheshimiwa, mpishi ameheshimiwa, na mlo wa kesho utapimwa tena kwa robo ileile.

Wenyeji wanashauriwa kupika mboga ya kutosha watu wote, kuweka maji mezani pamoja na soda, kuandaa chakula kwa wakati uliotajwa, na kutorudia kumhimiza aliyekwisha kusema ameshiba.

Aliyeteleza arudi katika mlo unaofuata

Ikitokea mgonjwa amezidisha, asijiadhibu kwa kushinda njaa siku inayofuata, wala asiongeze dozi ya dawa bila maelekezo aliyopewa na mtoa huduma. Asiseme pia kwamba "mambo yameharibika, nitaanza upya Jumanne." Mlo mmoja uliozidi ni mmoja kati ya kumi na miwili. Mlo unaofuata ndio mahali pa kurejea.

Hata hivyo, zipo dalili zisizosubiri Jumanne: kiu kali na kukojoa mara kwa mara kunakoambatana na kutapika, kupumua kwa kasi au usingizi usio wa kawaida, na kwa mwenye shinikizo la damu, maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla kwa ukali, mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kulegea. Mwenye dalili yoyote kati ya hizo afikishwe hospitalini mara moja, hata kama ni usiku wa sikukuu.

Zoezi la nyumbani

Alhamisi jioni, familia yenye mgonjwa ichukue karatasi na kuorodhesha milo kumi na miwili, kuanzia kifungua kinywa cha Ijumaa hadi chakula cha jioni cha Jumatatu. Mgonjwa mwenyewe aweke alama kwenye mlo wa sikukuu aliouchagua, na mbele ya milo mingine aandike atakachokula na saa ya dawa. Karatasi hiyo ibandikwe jikoni, mahali ambapo mpishi ataiona. Anayehitaji msaada wa kuipanga amwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika mtaa au kijiji chake, au afike katika zahanati iliyo karibu kabla ya Ijumaa.